Kiambatisho cha Mama

Ukimtaka Kufuli, hukuwa na haja ya kuuliza mara mbili. Chumba chake kilikuwa baina ya kinyozi na fundi viatu, mlango wa bluu uliochubuka chini kwa mateke ya wanaoingia mikono imejaa. Ndani mlikuwa na kompyuta mbili, printa moja kongwe, na feni iliyokuwa ikizunguka ikijisikia. Jina lake la kweli liliandikwa kwenye leseni ya biashara ukutani, lakini leseni hiyo hakuna aliyeisoma. Watu walimwita Kufuli, naye aliitika kwa fahari.

Jina hilo alilipata posta, alikokuwa karani miaka kumi na tisa kabla hawajapunguza watu. Huko alishuhudia mwenzake wa dirisha la pili akimwaga unga kwa kosa la kufungua barua za watu kwa mvuke wa birika. Hakuwa mwizi yule bwana. Umbea tu ulikuwa unamsumbua, alitaka kujua nani anamwandikia nani. Siku aliyofukuzwa alitoka na mwavuli wake na chupa ya chai, na hakuna aliyempa mkono. Kufuli akala kiapo kimoyomoyo kwamba yeye cha mtu hatakigusa. Barua za karatasi zikapungua, zikaja barua pepe, posta ikamwacha, akafungua chumba chake, na kiapo akahama nacho.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Wateja wake wengi hawakuwa na barua pepe zao, walitumia anwani ya duka. Barua ikiingia, Kufuli anaandika kwenye daftari: tarehe, imetoka kwa nani, ni ya nani, kiambatisho kina ukubwa gani. Kisha anakipakua, anakiweka kwenye folda yenye jina la mwenyewe, basi. Hakifungui. Hata kiwe tangazo la bure, hakifungui mpaka mwenyewe awe ameketi kwenye kiti cha plastiki ubavuni pake. Na kila Jumamosi anafuta barua zote, na pipa la taka analimwaga, ili sanduku lisijae na macho ya watu yasikute kitu. Kijana wa siku hizi angemwambia kwamba anayepakua kitu bila kukifungua hajui amepakua nini. Lakini kijana wa siku hizi hakuulizwa.

Ikitokea mteja amekuja, wameketi, na kiambatisho kimegoma kufunguka, hapo ndipo utamjua Kufuli ni fundi. Kwanza alitazama mkia wa jina la faili, zile herufi za mwisho baada ya nukta, maana ndizo zinazoiambia kompyuta itumie programu gani. Mkia ukiwa umekatika, aliurudisha. Ukiwa mgeni, alitafuta programu inayoujua. Ikishindikana, alihamia kompyuta ya pili. Na yote yakigoma alikuwa na dawa ya mwisho, isiyomwangusha hata siku moja. "Mwambie aliyekutumia atume tena," alikuwa akisema, na kesho yake mambo yamekwisha.

Mtaa wa nyuma aliishi fundi cherehani, mwanamke mpole wa miaka arobaini hivi, pamoja na mama yake aliyekuwa haoni vizuri. Fundi huyo alikuwa na dada mkubwa, aliyeolewa mji wa mbali, safari ya siku mbili. Mama na huyo binti mkubwa walikuwa hawasemezani mwaka wa sita sasa. Kisa chake hakuna aliyekijua, si mdogo mtu wala majirani, na majirani walijitahidi kweli kukijua. Kila mmoja alikaa na donge lake. Kisha dada akaugua, ugonjwa wa kulala na kuamka hospitali, na Jumanne moja duka la Kufuli likaingiza barua pepe kutoka kwake.

Ilikuwa na mistari miwili na kiambatisho. "Kaka Kufuli, hii ni sauti yangu, ni ya mama peke yake. Mdogo wangu asisikie. Nimeituma kwako kwa sababu najua wewe hutaisikiliza."

Kufuli aliisoma akajisikia vizuri kifuani. Akaandika kwenye daftari tarehe, majina na ukubwa: megabaiti moja. Akapakua. Mtandao siku hiyo ulikuwa wa kusuasua, ukikatika na kurudi, lakini jina la faili lilipotokea kwenye folda alijua kazi imekwisha. Akamtumia fundi cherehani ujumbe, kwenye simu yake ya vitufe, kwamba mama ana sauti yake dukani.

"Miguu ya mama imevimba," fundi cherehani akajibu kwa kupiga. "Tutakuja Jumatatu, kaka. Faili haliozi."

"Haliozi," Kufuli akasema.

Jumamosi akafuta barua zote, akamwaga pipa la taka, akafunga duka. Jumapili ikaja habari kwamba dada amefariki.

Fundi cherehani akaenda kuzika. Mama hakuweza safari. Alibaki kitandani akihudumiwa na majirani, na wanasema hakulia mbele ya mtu. Wiki ya nne fundi cherehani alisimama kwenye mlango wa bluu, amekonda, kanga imemning'inia mabegani.

"Shikamoo, kaka Kufuli."

"Marahaba. Pole sana, mdogo wangu. Mama anaendeleaje?"

"Yupo tu. Anaiulizia ile sauti, asubuhi na jioni. Haongei jingine." Akakaa, kisha akasimama tena. "Amesema ujaribu kwanza kama inafunguka, amekupa ruhusa. Ila mimi nisisikie. Nitakaa hapo nje kwa fundi viatu."

Kufuli akabofya faili. Kompyuta ikamwambia haiwezi kulifungua. Hakushtuka, hayo alikuwa ameyazoea. Akatazama mkia, ulikuwa wa aina ya zile simu za zamani. Akajaribu programu ya kwanza, ya pili, akahamia kompyuta nyingine, nayo ikagoma. Fundi cherehani alikuwa anamchungulia kupitia mlango ulio wazi, na Kufuli, kwa mazoea ya miaka, hata bila kugeuza kichwa, akasema, "Usijali, mwambie aliyekutumia atu..."

Fundi viatu akaacha kugonga. Fundi cherehani alimwangalia tu, kisha akainamisha kichwa akatazama viatu vya watu vilivyopangwa chini. Kufuli alitamani ardhi ipasuke immeze.

Alihangaika saa nzima kwa aibu hiyo. Hatimaye akapata programu moja ya kizamani inayoujua mkia ule, akaiweka, akabofya, na sauti ikatoka! Roho yake ikatulia. Alikusudia asikie neno la kwanza tu ajue inafanya kazi, halafu azime. Kidole kilikuwa tayari. Sauti yenyewe ikakatika kabla hajabonyeza.

Akadhani programu imekwama. Akarudia. Sekunde tisa, kimya. Akarudia mara ya tatu, kisha akafanya jambo ambalo angepaswa kulifanya ile Jumanne: akatazama ukubwa wa faili. Kilobaiti kumi na tano. Akavuta daftari, akafungua ukurasa, akasoma mwandiko wake mwenyewe, mzuri, wa karani wa posta. Megabaiti moja. Ule mtandao wa kusuasua ulikuwa umemletea jina na kipande, vingine vyote vikabaki kule kwenye sanduku, na lile sanduku alilisafisha kwa mkono wake, pamoja na pipa. Angebofya mara moja tu siku ile, angejua, angepakua upya.

Akamwita fundi cherehani ndani, akamweleza. Wakajaribu kila mlango. Simu ya marehemu? Shemeji alikwisha kuifuta yote na kumpa mtu mwingine. Barua pepe ya marehemu? Neno la siri alikuwa analijua mwenyewe. Kufuli akaandika kwa wenye huduma ya barua pepe, na kesho yake wakamjibu kwa adabu kwamba kilichofutwa namna hiyo hakirudi.

"Mwambie mama simu ya dada ilikuwa mbovu," fundi cherehani akasema taratibu. "Atakubali. Kwani nani atajua, kaka?"

Kweli nani angejua? Kufuli akakigeuza kile kipande kiwe cha aina inayochezwa na redio, akakitia kwenye flashi, na alasiri akaenda nyumbani kwao. Njiani alikuwa ameukubali ule uongo. Simu ilikuwa mbovu. Maneno matatu tu, wala hayamdhuru mtu.

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu juu ya kigoda, amevaa nguo safi na kuchana nywele. Cherehani ilisukumwa pembeni, imefunikwa shuka, na redio ndogo ilikuwa juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Mwenzako atoke," mama akasema. Fundi cherehani akatoka, akafunga mlango. "Sasa, baba, iwashe."

Kufuli akachomeka flashi, akabonyeza. Sauti ya mwanamke mgonjwa, isiyo na haraka, ikajaa chumbani.

"Mama, shikamoo. Nimeona nikwambie mwenyewe, kwa mdomo wangu. Ile siku niliyoondoka, mimi nili..."

"Marahaba, mwanangu," mama akaitika. Ilikuwa salamu ya kwanza baina yao baada ya miaka sita.

Akatulia, uso ameuelekeza kwenye redio, akingoja. Kufuli naye akasimama pale kama aliyeota mizizi. Nje fundi cherehani alisikika akiburuta kiti.

"Mbona amenyamaza?" mama akauliza. "Anapumzika?"

"Mama..."

"Alikuwa anachoka sana siku za mwisho. Mwache apumzike." Akangoja tena. Mikono yake ikaanza kukunja na kukunjua pindo la nguo. "Au alighairi? Alianza, halafu akaona mimi si mtu wa kuambiwa?"

Ule uongo ulikuwa tayari ulimini. Ila Kufuli aliona wazi mama atakachofanya nao. Atauweka pembeni, simu mbovu au nzima, na ataishi siku zake zilizobaki akiamini mwanawe alighairi.

"Hakughairi, mama," akasema. "Alisema yote. Kwa ukubwa ule, ni dakika kumi na zaidi. Ilifika kwangu. Mimi nimepokea kipande, sikukagua, na zilizobaki nikazifuta mwenyewe Jumamosi, kabla hajafa. Hakuna njia ya kuzirudisha. Nimejaribu zote. Kosa ni langu, si lake."

Kufuli alitaka mama amtukane, angalau amfukuze, kama walivyomfukuza yule wa dirisha la pili. Hakufanya hivyo.

"Dakika kumi," mama akasema. "Na wewe zilikaa kwako siku nne."

"Ndiyo, mama."

"Siku zote hizo hukusikiliza hata kidogo?"

"Hapana, mama. Hazikuwa zangu." Na akasikia mwenyewe jinsi neno hilo, alilojivunia maisha yake yote, lilivyomtoka bila nguvu.

Mama akageuza uso wake upande ule ilikotoka sauti ya Kufuli. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomvunja Kufuli kabisa.

"Bora ungesikiliza, baba," akasema. "Leo ungekuwa na cha kunieleza."

Mama akapapasa mezani mpaka akaigusa redio, akaisogeza karibu na goti lake.

"Irudishe mwanzo," akasema.

Akairudisha. Binti akaamkia, na mama akaitika, "Marahaba."