Maswali ya Mchezaji wa Tatu

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikifundisha darasa la nne, na nilipanga chumba cha uani nyuma ya nyumba moja ya Buruburu. Mwenye nyumba alikuwa mzee mjane kutoka Kakamega, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilikuwa kimempeleka Japani miezi sita kujifunza mashine mpya za kufuma, na huko, jioni akikosa la kufanya, wenyeji wakamfundisha mchezo wa Go. Alirudi na ubao wa karatasi nzito uliokunjwa mara nne, umechorwa mistari kumi na tisa hivi na kumi na tisa vile. Kete hakuwa nazo. Alikwenda Gikomba, kwa kina mama wanaochambua mitumba, akarudi na vifungo vya makoti, vyeusi mfuko mmoja na vyeupe mfuko mmoja.

Alinifundisha mimi kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine aliyekubali kukaa.

"Unaweka kifungo pale mistari inapokutana," aliniambia. "Kikishawekwa hakisogei. Ukikizunguka changu pande zote, unakitoa. Mwishoni tunaangalia ni nani amezingira nafasi kubwa. Basi, madam, hakuna zaidi."

Nilielewa kabla chai haijapoa. Kushindwa nako kukaendelea kwa miezi. Aliniwekea vifungo tisa kabla ya kuanza, kama mtu anayempa mtoto nafasi katika mbio, na bado kila Jumamosi alasiri aliniondoa ubaoni. Nilikuwa na ugonjwa wa kumjibu. Akiweka hapa, nami naweka papo hapo kando yake.

"Usinifuate," alisema. "Anayenifuata atafika ninakotaka mimi."

Kufikia msimu wa mvua ndefu alikuwa akinipa vifungo vitano tu. Nilijivuna mpaka shuleni wenzangu wakachoka kunisikia.

Siku hizo watu walizungumza siasa wakiwa wameangalia mlango. Kiwandani wafanyakazi kadhaa walikuwa wamefutwa, na wenzao walikutana kwa mzee kila Alhamisi jioni. Ukiwauliza, walikuwa kamati ya maziko. Mzee aliniomba niwapigie chapa barua moja ndefu ya malalamiko kwa taipureta ya shule. Niliipiga wakati wa chakula cha mchana, ofisi ikiwa tupu, na sikuona ubaya wowote.

Jumamosi moja, mimi na mzee tukiwa kwenye veranda, mwanamume alisimama langoni. Alikuwa wa makamo, shati jeupe, viatu vimeng'arishwa ingawa barabara ilikuwa tope. Alitazama ubao kwa muda, kisha akasema, "Nyeupe hapo kushoto imeshakufa, mzee."

Mzee hakupenda, lakini alifungua lango. Mgeni alisema alijifunza Go alipokuwa akisoma ng'ambo, na kwamba amehamia awamu ya tatu ya mtaa wetu juzijuzi. Walicheza mara mbili. Mara zote mbili mzee alishindwa vibaya, nami sikuwahi kumwona akishindwa.

Akawa anakuja kila Jumamosi. Mzee akiingia jikoni kuchemsha chai, mgeni aliniita nicheze naye. Alicheza haraka, bila kufikiri, nami nikitoka jasho. Na alikuwa na mazungumzo matamu. Aliuliza mambo madogo, na aliyauliza hasa nilipokuwa nimebanwa pembeni nikitafuta pa kutokea.

"Mzee ana wageni wengi, siyo?"

"Alhamisi tu," nilisema, macho kwenye ubao. "Wale wa kiwandani."

"Wanacheza pia?"

"Hapana, wanaandika barua zao."

"Barua za maziko," alisema, akacheka kidogo. Kisha akaweka kifungo mahali pa kijinga kabisa, nami nikaokoa pembe yangu yote. Nilifurahi. Siku hiyo nilimshinda kwa mara ya kwanza.

Alipoondoka, mzee alibaki akikusanya vifungo polepole.

"Huyu mtu hachezi apate kushinda," alisema. "Angekumaliza mapema. Kwa nini anakuacha?"

"Labda nimeendelea, Mzee."

Alifunga mfuko wa vifungo vyeusi. Kisha akauliza, "Mlikuwa mnaongea nini?"

"Habari za shule," nilisema.

Nimelitazama jibu hilo miaka mingi. Sikuwa na sababu ya kudanganya, ila tayari nilikuwa nimeanza kuyashuku maswali ya yule mgeni, na sikutaka kuyachunguza.

Jumanne iliyofuata nilitoka shule saa kumi. Watoto hawakuwa wakicheza njiani. Mlango wa mzee ulikuwa wazi, godoro limepasuliwa, vifungo vimetapakaa sakafuni hadi bafuni. Mama wa nyumba ya jirani alikuwa akianua nguo ambazo bado zilikuwa na maji.

"Walikuja na gari jeupe," alisema bila kunigeukia. "Wanaume wanne. Mzee aliomba avae viatu, wakamkatalia. Ingia ndani, madam."

Walikuwa akina nani, hakusema, na wala sikuuliza. Niliokota vifungo kimoja kimoja kwa kuwa sikujua jambo jingine la kufanya.

Jumamosi mgeni alikuja. Lango nilikuwa nimelifunga kwa komeo, lakini alipitisha mkono juu akalifungua kama mwenyeji. Akaketi kwenye kiti cha mzee. Akatandaza ubao.

"Tucheze, madam."

Nikaketi. Aliniwekea vifungo tisa, vyeusi, kila kimoja mahali pake.

"Sivitaki," nilisema, nikavitoa.

Alinitazama kwa mara ya kwanza kama anayeniona. Tulicheza sawa kwa sawa, kimya, na mara hii hakuniachia kitu. Kila nilipoweka mguu alikuwa ameshafika. Haikupita nusu saa ubao wote ulikuwa wake. Aliinuka, akafuta vumbi kwenye suruali.

"Ile taipureta ya shule yenu," alisema, "herufi yake ya *e* imekatika mkia. Mwambie mwalimu mkuu airekebishe."

Akatoka, akalifunga lango taratibu. Sikumwona tena.

Mzee alirudi baada ya wiki tano, amekonda, kidole gumba cha mkono wa kulia hakikunjiki. Kazi hakuwa nayo tena. Dada yake alikuja kutoka nyumbani kumsaidia kufunga mizigo. Siku ya pili niliketi mbele yake nikamweleza kila nililoulizwa na kila nililojibu, na uongo niliomwambia yeye. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Jina lako hawakulipata kwangu," alisema mwishowe.

"Najua, Mzee."

"Waliniuliza barua ilipigwa na nani. Nikasema mimi." Akanywa chai. "Wakaniambia nipige mstari mmoja waone. Siwezi hata kutafuta herufi."

Dada yake aliita kutoka ndani kuuliza kama vyombo vya jikoni vinakwenda vyote, naye akajibu kwamba sufuria kubwa ibaki, niitumie mimi.

Walisafiri Ijumaa. Mpangaji mpya aliingia nyumba kubwa mwezi huohuo, mtu mpole mwenye mke na watoto wawili. Aliponiuliza aliyekuwa akikaa hapo kabla yake, nilimwambia sikumjua sana.