Mama Anaumwa Kidogo

Mjomba alinipigia simu alfajiri, sijatoka hata kitandani. "Mama yako anaumwa kidogo," akasema. "Njoo leo." Nikamuuliza anaumwa nini. Akasema homa, kisha akakata. Mjomba wangu ni mtu wa maneno mengi. Akikupigia kuuliza bei ya kitambaa atakusimulia na habari za mbuzi wake. Siku hiyo maneno yalimwishia upesi.

Nina cherehani yangu mjini, Mwanga, karibu na soko. Sikufungua duka, nikaenda panapopakia magari ya kusini. Kijijini kwetu, mbele ya Ilagala, tunapanda Fuso linalopeleka saruji na chumvi, tunakaa juu ya mizigo na vumbi letu. Dereva wake ni mzee wa kijiji chetu, mkali kama mimi, na tumezoea kugombana. Asubuhi ile nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitikia bila kunitazama, akafungua mlango wa mbele. "Kaa hapa." Kiti cha mbele hakijawahi kuwa changu. Nikapanda, nikajitia hamnazo.

Nikamwambia tupitie kwanza Katonga, kwa wavuvi, nimnunulie mama migebuka. Mama anapenda mgebuka mbichi kwa mawese, na kule kwetu samaki wa leo hawafiki. Nilitegemea matusi, maana Katonga si njia yake. Akageuza gari. "Fanya haraka, mwanangu," akasema. Hakuwahi kuniita mwanangu.

Nilikaa Katonga karibu saa nzima. Nilichagua samaki mmoja mmoja, nikifunua mashavu, nikibishana na wauzaji juu ya samaki wasio na kasoro. Nisiseme uongo: nilikuwa najua. Si kujua kwa kuambiwa. Mimi mwenyewe nimewahi kumpigia mtu simu ya namna ile, kwa sababu kwetu msafiri haambiwi kifo akiwa njiani, asije akaanguka. Lakini nani anamnunulia maiti samaki? Kila mgebuka niliyemtia kwenye ndoo alinihakikishia kwamba mama yupo.

Baada ya Simbo njia ikawa mashimo matupu. Mzee aliendesha kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwake, walio juu wakipiga bodi kulalamika. "Unatuua, Mzee," nikamwambia. "Unawahi nini?" Alitazama saa yake, kisha jua, kisha saa tena. Sisi ni Waislamu, maiti hatumlazi tukiweza, na kwetu mazishi mengi ni baada ya alasiri. Sikuipenda kabisa ile tabia ya kutazama jua. Vijijini, kila tulipopunguza mwendo, mtu alisogea dirishani, akaona ni mimi, akarudi nyuma.

Ilagala tukakuta kivuko kiko ng'ambo. Mzee akashuka, akaenda kunong'ona na madereva waliotangulia. Magari matatu yakasogea pembeni yakatupisha. Wale madereva nawajua, hawampishi mtu. Muuza mawese mmoja akaja kunishika mkono. "Pole na safari, mama," akasema, na mkono hakuuachia. Nikamwambia anipimie chupa mbili, nikamtaka ajaze vizuri, nikamtaka apime tena. Kivuko kilikuwa kimeshafika.

"Mwanangu, twende," Mzee akasema. "Alasiri inaingia."

"Ikiingia inakuhusu nini?" nikamjia juu. Akapanda garini, akawasha injini. Angesema neno moja tu pale, ile ndoo ningeiacha mtoni.

Tulifika jua linakaribia kuzama. Wanaume walikuwa wanarudi kutoka upande wa makaburini, majembe begani, udongo mwekundu bado umeshika. Mjomba alikuwa wa mwisho. Nikashuka na ndoo yangu, samaki wameanza kunuka.

"Tulikusubiri mpaka tukashindwa," akasema.

"Mliniambia anaumwa kidogo."

"Tungekuambia, ungesafirije?"

Nilimtukana mbele za watu, mjomba wangu mwenyewe, ndugu wa mama. Nikamwambia ameninyima uso wa mama yangu. Akainamisha kichwa, akaniacha nimalize. Habari za Katonga sikumwambia. Mpaka leo sijamwambia mtu.

Magharibi haijaadhiniwa, simu yangu ikalia. Ni mdogo wangu wa kiume, anaishi Mpanda. Mjomba alikuwa amempigia na yeye, akamwambia yale yale, na sasa alikuwa anatafuta gari la kesho.

"Dada, mama vipi?"

Wanawake waliokaa mkekani wakageuka wakanitazama.

"Anaumwa kidogo," nikasema. "Njoo."

"Nimletee nini?"

Nikaitazama ile ndoo mlangoni.

"Chochote anachopenda," nikamwambia.