Aliyeingia Kwenye Namba ya Masunga

Kaka yangu Masunga Shigela alimng'oa mtu meno mawili akiwa na miaka kumi na saba, kwa sababu ya mfuo mmoja wa plau. Mmoja tu. Jirani alikuwa amevuka mpaka kwa upana wa unyayo, na Masunga hakuona haja ya kuita wazee. Shuleni aliishia kidato cha pili, siku alipompasua kichwa kwa kiti mwenzake aliyenakili hesabu zake. Walipomuuliza kama anajuta alisema ndiyo, anajuta kiti kilikuwa chepesi.

Msinielewe vibaya, simsifu. Nimekula vibao vya kaka huyo tangu nikiwa mtoto, na nikikumbuka vingine bado napandwa na hasira. Lakini mtu akitaka kunisema vibaya sokoni Bariadi, kwanza aliangalia kama Masunga hayuko nyuma yangu.

Alijifunza kutengeneza redio, kisha simu, kisha kompyuta, na nilipofungua duka la steshenari mjini nikampa kona. Hesabu ndizo kitu pekee alichokishika kwa upole. Rafiki yake alikuwa mmoja, Josia Mayige, mwalimu wa hisabati, mtu mwembamba asiyejua hata kufukuza mbuzi. Josia ndiye aliyemwingiza kwenye ile kazi ya kujitolea: watu wa dunia nzima wanaazima kompyuta zao kutafuta namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana. Kituo kinakupa namba yako, mashine inaikokotoa miezi na miezi, na anayemaliza kwanza jina lake huandikwa mbele ya namba hiyo kwenye orodha ambayo kila mtu anaiona.

Mashine ya Masunga ilikuwa kuukuu. Ilikuwa imekaa na namba yake miezi kumi na moja, ikinguruma kwenye kona yangu, ikila umeme wangu. Kila asubuhi alisoma asilimia kabla ya kunywa chai. Hakuwa na mke, hakuwa na cheti, hakuwa na shamba. Alitaka jina lake liandikwe mahali fulani kwamba alianza kitu akakimaliza.

Sheria ya watu wale ilimpendeza kwa sababu aliijua tangu kijijini. Namba ya mtu huigusi, hata akichelewa, mpaka umwulize. Kwetu upande wa Lagangabilili, jirani akiugua watu humlimia, lakini kabla plau haijaingia mmoja huenda mpaka kitandani kwake kumwambia, "Tunaingia shambani kwako." Shamba linaloingiwa kimya ni la marehemu.

Mwezi wa tatu alikwenda kijijini, nyoka akamuuma mguu. Alilazwa kwenye zahanati ya huko wiki saba, mguu umevimba, simu haipatikani. Mimi nilikwenda kumwona kila Jumapili. Na nikirudi dukani, niseme ukweli, niliizima ile mashine yake ili nipumzike na kelele.

Alhamisi moja Josia akaja dukani.

"Mwadila, dada Anna. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Mwadila. Anatukana wauguzi. Anapona."

"Namba yake imepitisha tarehe ya mwisho. Jumatano ijayo kituo kitampa mtu mwingine, mgeni kabisa. Mashine yangu mpya inaweza kuikokotoa yote kwa siku mbili. Jumapili mwambie naomba kuingia kwenye namba yake. Akikataa, siigusi. Usiposema kitu nitajua amekubali."

"Nitamwambia," nikasema.

Sikumwambia. Nilikaa kando ya kitanda chake mchana kutwa, nikamlisha ugali na mlenda, neno likiwa mdomoni. Nilijua atakataa. Na nilitaka namba hiyo iishe, ichukuliwe na yeyote, ile mashine itoke dukani kwangu. Hiyo tu ndiyo sababu, na ni sababu ndogo kiasi kwamba naona aibu kuiandika.

Masunga alirudi akichechemea. Aliwasha mashine, akafungua orodha. Mbele ya namba yake palikuwa pameandikwa: imekamilika, Josia Mayige. Aliingia stoo, akachomoa mpini kwenye jembe langu, akatoka.

Nilimfuata. Kutoka dukani mpaka kwa Josia ni mwendo wa dakika kumi, na kwa mguu ule zilikuwa ishirini. Dakika ishirini zote nilikuwa na mdomo. "Kaka, subiri," nilisema. Sikusema kingine.

Josia alikuwa uani akisahihisha madaftari, mkewe Goodness akipepeta mchele. Josia aliinuka akitabasamu, mikono wazi kumpokea mgonjwa aliyepona. Mpini ukamshukia begani, akaanguka juu ya madaftari, mdomo ukapasuka.

"Umenizika!" Masunga alinguruma. "Umenizika nikiwa hai!"

Josia alijikinga kichwa kwa mkono wa kulia. Mpini ukatua juu ya mkono huo, na nikasikia mfupa, mlio uleule wa mti mkavu wa pamba. Akapiga tena palepale. Goodness alitupa ungo, akamrukia na kumng'ata bega mpaka damu ikatoka. Masunga akamkung'uta kama siafu, Goodness akajigonga ukutani. Kisha akaingia ndani, akatoka na ile kompyuta mpya, akaibamiza kwenye kizingiti, akaikanyaga kwa mguu wake mbovu huku akilia kwa maumivu.

"Hukuja kuniambia!"

"Nilituma neno," Josia alisema, mdomo umejaa damu.

"Kwa nani?"

Josia aliniangalia. Kisha akauangalia mpini. Nilimwona akipima, mwalimu yule, mahali ambapo pigo linalofuata lingeangukia.

"Nimesahau," akasema.

Masunga akampiga mbavuni kwa uongo huo, mara tatu. Mimi nilisimama palepale, mzima, bila mkwaruzo.

Hospitalini Josia aliwaambia ameanguka na pikipiki. Daktari alisema vidole viwili vya mkono wa chaki havitakunjika tena. Ndipo nilipoketi karibu na Masunga kwenye benchi la ukumbini, shati lake limekauka damu ya rafiki yake, nikamwambia. Alhamisi ile. Jumapili ile. Mlenda. Nilisema yote nikiwa nimeinamisha kichwa, nikingoja.

Alianza kubandua damu iliyokauka kwenye shati lake.

"Kwa hiyo aliomba," akasema.

"Aliomba."

"Na mimi nilikuwa nimelala pale, unanilisha."

"Ndiyo, kaka."

Nilifumba macho. Nilitaka kipigo kile, Mungu wangu, nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Masunga akaniinua kidevu kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Mkono wa Josia umeuvunja wewe, Anna. Mimi nilikuwa mpini tu."

Akanyanyuka, akachechemea mpaka wodini kwa Josia, akaufunga mlango nyuma yake.