Mguu wa Chipu ya Nyaguthii

Nyaguthii alikuwa fundi wa kompyuta, na mimi natunga shanga. Mwaka wa 2006 tulipanga chumba kimoja Kitengela, upande wake nyaya na vumbi, upande wangu shanga. Alikuwa mkaidi, hajui kuomba msaada, na nilimpenda hivyo hivyo. Siku moja tu aliniomba nimsaidie, na mpaka leo najuta.

Chanzo kilikuwa kosa lake mwenyewe. Faysa, binti ya Isaak muuza ng'ombe, alikuwa amefungua darasa la kufundisha wasichana kupiga chapa, kwa kompyuta moja ya mtumba. Nyaguthii alijitolea kuibadilishia ile programu ndogo ya kwanza, inayokaa ndani ya chipu na kuiamsha mashine. Kazi ya dakika tano. Lakini aliianza karibu na saa nane, wakati mashine ya kusaga kokoto kule machimboni huwashwa na umeme wa mtaa mzima kulegea. Taa zikafifia, kompyuta ikazima katikati ya kazi. Haikuamka tena.

Akapigia simu kampuni iliyoitengeneza. Wakamwambia modeli hiyo imepitwa na wakati, programu yake hawampi mtu, anunue nyingine. Nilikasirika kuliko yeye. Mimi nikinunua ng'ombe, aliyeniuzia habaki na kamba mkononi!

Mzee Isaak naye akatoa siku. "Nilinunua kompyuta, sikununua sanduku," alisema. "Ijumaa nikitoka msikiti kama bado imekufa, hiyo room naweka dawa ya ng'ombe." Faysa alikuja kwetu, akalia.

Nyaguthii akatafuta kwenye mtandao siku tatu. Akakuta kuna watu wa nchi za mbali walioandika programu kama hiyo wao wenyewe na kuiacha wazi, anayetaka aichukue, aisome, aibadilishe. Ya kompyuta ya Faysa ilikuwepo, na yote ilienea kwenye disketi moja. Shida ilikuwa kuiingiza ndani ya chipu. Alijua njia moja tu: awashe kompyuta yake mwenyewe, ang'oe chipu yake mashine ikiendelea kufanya kazi, aweke ya Faysa pale pale, kisha aandike ile programu ndani yake. Kompyuta hiyo ndiyo iliyomlisha.

Ijumaa saa saba unusu, wanaume wa machimboni walikuwa wameenda kula na mzee Isaak alikuwa msikitini. Kompyuta zote mbili zilikuwa mezani darasani, na Faysa alisimama mlangoni akichungulia barabara. Nyaguthii alinyoosha mikono juu ya mashine, akairudisha nyuma.

"Mama Katoo," akaniambia, "wewe uko na mkono ya shanga. Vuta wewe."

Nilipitisha uzi wangu wa nailoni chini ya chipu, kadude keusi kenye miguu thelathini na miwili.

"Pole pole. Ikienda upande, tumechoma kila kitu."

Nikavuta. Upande mmoja ukatangulia, nikasikia *tak*, na mguu mmoja wa chipu ukaniangukia mapajani. Ulikuwa umekatikia kwenye mzizi kabisa.

Nyaguthii aliuona. Kompyuta yake bado ilikuwa inanguruma kwa sababu ilikuwa imekwisha kuamka. Lakini ikizima hata mara moja haitaamka tena, na nakala ya programu yake hakuwa nayo. Nilifungua mdomo, akanikanyaga mguu.

"Nyamaza. Faysa asisikie."

Akaweka chipu ya Faysa, akaanza kuandika. Namba zilipanda kwenye skrini kwa mwendo wa kobe. Saa nane kasorobo. Saa nane kasoro dakika tano. Ilipokwisha, aliing'oa mwenyewe, akairudisha kwenye kompyuta ya Faysa, akabonyeza. Herufi nyeupe zikatokea kwenye skrini nyeusi. Faysa alipiga kelele, na babake akaingia kabla hajamaliza.

"Andika jina yangu," mzee akaamuru.

Faysa aliandika. Mzee alikuwa bado anasoma herufi moja moja wakati mashine ya kokoto ilipowashwa. Taa zikafifia. Kompyuta zote mbili zikazima.

"Tena?" Isaak akafoka.

Nyaguthii alibonyeza ile ya Faysa. Ikaamka. Akampa mzee ile disketi. "Hata ikikufa tena, dawa yake ni hii. Hakuna mtu wa kuomba ruhusa." Isaak aliitia mfuko wa ndani, pamoja na vibali vya ng'ombe zake. Walicheka wote, Nyaguthii akicheka kuwashinda. Mimi nilikuwa naangalia ile kompyuta nyingine.

Chipu mpya alikuja kuipata Nairobi. Programu ya kuiamsha mashine yake kampuni ilikataa kutoa, na wale watu wa mbali hawakuwa wameandika ya modeli yake. Kwa hiyo fundi akawa anakwenda darasani kwa Faysa, anangoja wasichana wamalize ndipo aketi kwenye kompyuta ile afanye kazi zake. Alipoulizwa kompyuta yake ilikufaje, alisema ni umeme.

Faysa anaamini hivyo mpaka leo. Ule mguu wa chipu ninao kwenye mkebe wa shanga. Haukuwa umeme, Faysa. Ulikuwa mkono wangu.