Msiba Niliouanzisha Buzebazeba

Nasema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa sokoni, maana wao wataongeza chumvi na huu mkasa hauhitaji chumvi: mimi, Sudi wa Kasingirima, mtu mzima mwenye wajukuu, nilimuua mtoto wa watu kwa mdomo wangu, nikamliza mama yake, nikasababisha kaburi likachimbwa, na wakati wote huo marehemu mwenyewe alikuwa porini anakula ugali wake. Mpaka leo kupita mtaa wa Buzebazeba mchana ni kazi kwangu.

Shule sina. Niliishia darasa la tatu nikaenda kuchonga mitumbwi, kwenye mitumbwi nikajifunza kuunda boti, nikapata boti zangu mbili za mashine, nikajenga nyumba ya tofali za kuchoma, nikasomesha watoto, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Hilo nalisema bila aibu. Na kwa miaka mingi, wataalamu wa miamba wakija ziwani (wale wanaogonga mawe kwa nyundo, na wengine wanachota matope ya chini kabisa ya ziwa na kuyafunga vizuri kama asali, mwanzoni nilidhani wana wazimu), anayewabeba ni mimi. Kila mlima na kila rasi ya ufuko huu naijua kwa jina lake na jina la babu aliyelima pale.

Ndivyo nilivyojuana na Neema. Neema ni binti wa ofisi ya hao wataalamu, umri wa mwanangu wa tatu, na kazi yake ni kukusanya kila mwaka orodha ya kila kitu kilichoandikwa kuhusu miamba ya nchi hii, kitabu, ripoti, karatasi ya mwanafunzi, nani kaandika, kaandika kuhusu wapi, na ukikitaka ukakitafute kwenye kabati gani. Yeye anaiita bibliografia, mimi naiita orodha ya mawe. Zile karatasi zinazohusu upande wetu wa ziwa huniletea nimsahihishie majina ya mahali, kwa sababu wageni huandika majina ya Kiha kama yalivyowaingia sikioni, ukiyasoma unadhani ni vijiji vya Ulaya. Kiingereza sikijui, lakini jina la mlima nalisoma, na nikilikuta limeharibika nalikata kwa kalamu nyekundu naandika linavyotakiwa. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyoonyesha. Barazani nilikuwa naweka kalamu mfukoni ionekane.

Sasa orodha ya mwaka uliopita ilikuwa na ukurasa wa mwisho wenye majina ndani ya kisanduku cha mistari myeusi, na Neema aliniinamia akasema, "Mzee, hawa ni wenzetu waliotangulia, uwaombee." Nikawaombea, mmoja wao nilikuwa nimembeba mara nyingi. Yakaisha.

Mwaka huu Neema akaja siku ya Jumanne, akanywa chai, akaniachia faili zima, akasema ana shughuli Kasulu na atarudi Alhamisi.

"Ukikwama mahali nipigie, Mzee Sudi."

"Umeniona nimekwama lini?"

Akacheka, akapanda bodaboda akaenda zake.

Jumatano mchana nikawa nimemaliza milima na mito, nikafunua ukurasa wa mwisho. Kisanduku cheusi kile kile. Juu yake mstari wa Kiingereza, ndani majina sita, na la tatu lilikuwa Idrisa Zuberi.

Idrisa ni mtoto wa Bi Zaituni wa Buzebazeba, mjane muuza mawese, mtoto mmoja tu, hana mwingine wala hakupata mwingine. Mawe alianza kuyaangalia akiwa mwanafunzi, kwenye boti yangu, nikimkaripia asiweke mzigo upande mmoja. Sasa ni dokta wa miamba, na tulikuwa tumesikia yuko mikoa ya kusini anapima.

Simu ilikuwa hapo juu ya meza. Ningempigia Neema nikamuuliza, binti, hiki kisanduku mwaka huu ni cha nini, angenijibu kwa maneno matano na mimi leo ningekuwa mtu wa heshima zangu. Sikumpigia. Kwanza niliona vibaya mtu kama mimi kuuliza kilichoandikwa kwenye karatasi niliyopewa nisahihishe. Na pili (hapa mnielewe, maana hapa ndipo nilipopotelea), kwetu habari ya kifo haimwagwi mtu usoni. Unazunguka, unaanza na salamu, unatafuta mtu mzima wa kuibeba. Nikajiambia, huyu binti ameshindwa kutamka, kaona bora aniachie faili, anajua nitafika ukurasa wa mwisho na nitajua la kufanya. Nikamsifu kwa adabu yake.

Nilijaribu namba ya Idrisa, mjue sikuwa mjinga kabisa. Haipatikani. Nikajaribu tena, haipatikani. Nikasema, basi, ndiyo hivyo.

Nikavaa kanzu nikaenda kwa Mzee Kitwana, kaka yake Bi Zaituni, nikamkuta anafunga mzigo wa samaki, migebuka mikavu.

"Mwakeye," nikamwambia, salamu ya asubuhi, na saa ilikuwa tisa alasiri, ndivyo nilivyochanganyikiwa.

Akaniangalia. "Kuna nini?"

"Kaa chini, Kitwana. Idrisa hatunaye."

Aliiachia kamba ya mzigo. Kisha akasema, "Nani kakwambia?"

"Nimesoma mwenyewe. Kwenye maandishi ya ofisi yao."

Nadhani kama ningesema nimesikia, angebisha. Lakini maandishi, tena ya ofisi, tena kasoma Mzee Sudi ambaye mtaa mzima unajua anasahihisha karatasi za wataalamu, nani angebisha? Akapiga namba ya mpwa wake, haipatikani, akaweka simu chini kama mtu aliyejichoma.

Kutoka pale mambo hayakuningoja. Imamu akaambiwa, wanawake wawili wakatangulia kukaa na Bi Zaituni bila kumwambia kitu, turubai likaja kwa Kitwana, viti vikaja, masufuria yakaja, na kabla ya magharibi tukaingia ndani watu watatu, mimi, Kitwana na imamu, na Kitwana akamwambia dada yake.

Bi Zaituni hakupiga kelele. Nilitamani apige. Alikuwa anapima mawese kwenye chupa, akaendelea kumimina mpaka chupa ikajaa na mafuta yakafurika yakamwenda miguuni, mekundu mpaka kwenye vidole, ndipo mmoja wa wale wanawake akamshika mkono. Akainua macho akauliza jambo moja.

"Maiti iko wapi?"

Kitwana akaniangalia mimi. Imamu akaniangalia mimi. Nilikuwa na nafasi pale, ndugu zangu, mlango ulikuwa wazi kabisa, nilitakiwa kusema hilo sikulisoma, ngoja niulize. Badala yake mdomo wangu, huu huu, ukasema, "Inaletwa."

"Lini?"

"Kesho."

Hayo maneno mawili ndiyo yaliyochimba kaburi. Maana kama maiti inafika kesho, lazima ikute pamekuwa tayari, na Alhamisi asubuhi vijana wakachukua majembe wakaenda makaburini, na mimi nikapewa kiti cha mbele chini ya turubai kama mwenye msiba, kila anayeingia ananipa mkono ananiuliza inapita njia gani, na mimi namjibu. Mmoja nilimwambia inapitia Tabora. Sijui nilitoa wapi Tabora.

Saa tano hivi nikamwona Neema anakuja na mkoba wake begani, ameelekezwa na jirani zangu kwamba niko msibani. Alikuwa amejifunga khanga ya kuazima kiunoni kwa heshima. Akaniinamia.

"Pole, Mzee wangu. Shikamoo. Tumempoteza nani?"

"Usijifanye," nikamwambia polepole. "Nimefika ule ukurasa. Umefanya vizuri, sikulaumu."

"Ukurasa gani?"

"Wa Idrisa."

Uso wake sitausahau. Alipauka, akashika mgongo wa kiti changu. "Dokta Idrisa amefariki? Lini? Nani kasema?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Kwenye kisanduku. Jina la tatu."

Watu wa karibu wakaacha kuzungumza, na wale wa pili wakaacha kwa sababu wa kwanza wameacha, mpaka turubai zima likawa kimya, mnajua kimya cha watu wengi kilivyo kibaya. Neema akasema, "Mzee Sudi, wale ni ambao hawajaniletea maandiko yao ya mwaka huu. Nimewaweka kwenye kisanduku nisisahau kuwakumbusha. Waliofariki mwaka huu hawapo, hatukufiwa. Dokta Idrisa alikuwa hana mtandao huko aliko. Asubuhi hii nikiwa njiani kanitumia andiko lake, kasema amepanda kilima kutafuta mtandao na nimtoe kwenye kisanduku."

Kitwana alisimama. Sikumwangalia usoni, niliangalia viatu vyake.

"Piga," akasema. "Piga sasa hivi."

Neema akapiga, akaweka sauti kubwa, simu ikaita, na mtu akapokea huku upepo unavuma nyuma yake, anasema halo, halo, Dada Neema, umeipata? Wanawake ndani waliitambua ile sauti kabla yetu, kwa sababu Bi Zaituni alitoka mlangoni bila kilemba, bila viatu, akapita katikati ya wanaume wote, akaichukua simu kwenye mkono wa Neema.

"We ni nani?"

"Mama? Shikamoo Mama. Mbona uko na Neema?"

"Nimekuuliza we ni nani. Kama ni Idrisa, ulivunja nini kwa shangazi yako siku ya Idi?"

Upepo. Kisha, "Bakuli la maua. Nikasingizia paka. Mama, kuna nini huko?"

Akakaa chini pale pale kwenye mchanga, simu ameibana sikioni kwa mikono miwili, na sasa ndipo akalia, kilio ambacho hakulia jana, na mtoto wake huko anaita Mama, Mama, na hakuna hata mmoja wetu aliyepata akili ya kumjibu. Imamu alikuwa anajifuta uso.

Basi wakaanza. Mmoja akaniuliza gari la maiti limefika Tabora au bado. Mwingine akasema, "Mzee Sudi, hebu niangalizie na mimi kama nimo kwenye orodha, nina safari." Vijana wakarudi kutoka makaburini na udongo magotini, wakaambiwa, na mkubwa wao hakucheka, alinipa jembe tu. Akasema, "Tulichimba sisi, kufukia ni juu yako." Nikaenda. Kanzu nikaivua nikaitundika kwenye mti, nikafukia lile shimo peke yangu jua likiwa kichwani, wao wamekaa pembeni wananitazama, na niwaambieni, kaburi tupu linameza udongo kuliko mnavyodhani.

Niliporudi, watu walikuwa wanakula, maana wali ulishaiva na hakuna sheria ya kuumwaga. Nilitaka kupita pembeni, Bi Zaituni akaniita, akaniwekea sahani mbele yangu mwenyewe.

"Kula, Mzee Sudi. Ni chakula cha mwanangu."

Nikaanza kuomba radhi, nikaeleza habari ya kisanduku cha mwaka jana na cha mwaka huu, jinsi vinavyofanana, kwamba hata mtu mwingine angekosea. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kisanduku nimekusamehe," akasema. "Kiingereza hata mimi sikijui. Lakini nilikuuliza maiti iko wapi, ukasema inaletwa. Usiku kucha nimekaa namsubiri aje, najiuliza nitamtambua kwa kitu gani kama uso umeharibika. Hilo ulilisoma wapi?"

Hakungoja jibu. Aliinuka akaenda kuchukua masufuria yake.

Neema alimaliza orodha yake, na karatasi bado ananiletea, ingawa kwa siku kadhaa nilikuwa nikimsikia anakuja najificha uani. Juzi alikuja na jina la kijito fulani ng'ambo ya Kalya, mbali na ufuko wetu, limeandikwa kwa namna tatu na watu watatu, akataka nimwambie lipi sahihi. Kule sijawahi kutia nanga. Nililitazama lile jina, nikaona neno limeshafika mdomoni tayari kutoka, lolote tu, lenye sauti ya kuaminika. Nikaifunga kalamu nikaiweka chini. Nikasema, "Hilo silijui, binti, kaulize wa huko." Lilitoka kwa maumivu kama jino, mke wangu alikuwa ndani akachungulia kuona nani amesema.