Kompyuta Nne, Laini Moja

Enzi zile za intaneti ya kupiga simu, ofisi yetu ya utalii pale Karatu ilikuwa na kompyuta nne na laini moja ya simu. Mimi, mwenye cheti cha wiki mbili kutoka Arusha, niliahidi kwamba zote nne zitapata mtandao. Ya kwanza, yenye modemu, ingepiga simu. Nyingine zingepitishia barua zao humo. Nilichora njia hizo ukutani kwa mishale, nikawa natembea ofisini kama mkandarasi wa barabara.

Aliyeniamini zaidi ni mpishi wetu, mzee kutoka kijiji cha Oloipiri. Binti yake alikuwa amepata nafasi ya kusomeshwa bure chuoni, na fomu ilitakiwa ifike kwa barua pepe Ijumaa, kabla ya saa kumi jioni. Alikuja nayo Ijumaa hiyo mchana kwenye disketi, ameifunga kwenye leso. Nilimkalisha kwenye kompyuta ya nne, iliyo mbali kabisa na modemu, ili watu waone kazi yangu.

Modemu ikapiga, fomu ikaanza kuondoka, ikakatika. Nikabadili njia, ikakatika tena. Nililaumu nyaya, mvua, hata panya. Saa tisa na nusu niliingia kwa bosi kulalamika, nikamkuta na mkono wa simu sikioni, ametulia kwa adabu. Simu yake ilikuwa kwenye laini ileile, na kuinyanyua tu kulitosha kuikata modemu. Kila alipoinyanyua alikuta mlio wa modemu, na kwa kuwa alilelewa vizuri, alisalimia, akangoja.

“Kuna mtu anaongea,” aliniambia. “Simwelewi, lakini siwezi kumkatia.”

Nilimweleza, akaomba radhi. Nikarudi mbio kwenye kompyuta ya nne, nikaikuta imeganda. Nikaizima, nikaiwasha, nikaandika njia upya huku jasho likinitoka. Saa kumi ikapita.

Mzee hakunigombeza, na ni afadhali angenigombeza. Alikuwa akifuata mishale yangu ukutani kwa kidole.

“Fundi, zote zinapitia kwa hii ya kwanza?”

“Ndiyo, mzee.”

“Sasa kwa nini hatukukaa kwenye hii ya kwanza?”

Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka. Tulihamia pale, fomu ikaondoka kwa dakika tatu.

Jumatatu chuo kilijibu kwa heshima kwamba nafasi amepewa mwingine. Barua hiyo niliipokea kwenye kompyuta ya nne, na haikukatika hata mara moja.