Kelele Chini ya Boti ya Shaabani

Cheti cha unahodha cha Shaabani Kombo kilitolewa Kilindoni tarehe 3 Oktoba 2011. Kwa misimu kumi na mitatu iliyofuata alipeleka wageni kuwaona papa potwe, majitu mapole ya bahari, na ni mara chache mno waliporudi bila kumwona mnyama.

Desemba 2024 papa walianza kuzama kila boti yake ikikaribia. Shamsa, binti wa Ndagoni aliyekuwa mwongozaji wake, alisimama omoni, mbele ya boti, na kunyoosha kidole. Boti ikasogea, doa kubwa la papa likashuka gizani. Pembeni, papa walikula dagaa karibu na boti za wenzake bila wasiwasi.

Siku ya tano manahodha walimngoja ufukweni.

"Leo tena umewaonyesha wageni maji matupu, Shaabani?"

Akajibu kwa sauti iliyofika hadi kwenye vichanja vya dagaa: "Muulizeni huyu. Kila akinyoosha kidole, mnyama anazama. Binti ana nuksi."

Wakacheka. Shamsa alisubiri mpaka walipobaki wawili.

"Nahodha, mie ndiye ninayeingia majini na wageni. Mashine yako ikija, chini kunalia kama bisi sufuriani. Msimu uliopita haikuwa hivyo."

"Sasa umekuwa fundi?"

Shaabani hakumchukua tena, na baada ya neno lile la nuksi hakuna boti nyingine iliyomtaka. Shamsa akarudi Ndagoni kuanika mwani na mama yake.

Papa waliendelea kuzama. Januari mashine ilianza kutetemeka, na Shaabani akaifungua rafadha, yale mapanga yanayozunguka majini kuisukuma boti, akaipeleka kwa Mehdi, muuza vipuri wa Kilindoni. Mehdi alipitisha kidole mgongoni mwa panga moja. Chuma kilikuwa na vishimo, kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

"Nani kapiga tupa hapa?"

Shaabani alikumbuka. Novemba, karibu na Utende, maji yakiwa yamekupwa, panga hilo liligonga mwamba. Alilinyoosha na kulipiga tupa mwenyewe nyuma ya nyumba, akajisifu kwa mkewe.

"Mie."

"Umelichonga vibaya, bwana. Likizunguka kwa kasi, maji ya mgongoni yanavutwa mpaka yanachemka pasipo moto. Yanatoka mapovu, na kila povu likibonyea linapiga kishindo. Ndiyo yaliyotoboa chuma. Kwani huyasikii?"

"Nasikia mashine tu."

"Basi kasikilize chini."

Shaabani hakuwahi kuwa majini boti yake ikipita. Nahodha hukaa kwenye usukani. Kesho yake alirudishia rafadha ileile, akamwachia usukani baharia wake, Ally, akajitosa. Boti ilipita mbali kidogo. Zilikuwa bisi. Hakupata neno jingine la kuiita sauti ile, ila lile la Shamsa. Alipopanda, Ally alimuuliza amesikia nini, akasema maji ni baridi.

Alinunua rafadha mpya. Papa hawakuzama tena.

"Ulifanya la maana kumshusha yule binti," nahodha mmoja alimwambia mbele ya wenzake, wakacheka. "Nuksi imekutoka."

Shaabani alicheka pamoja nao. Kicheko hicho ndicho kilichomnyima raha ya kula siku tatu, mpaka mkewe akamuuliza kama ana homa. Siku ya nne alichukua bodaboda hadi Ndagoni.

"Shikamoo, nahodha," Shamsa alisema bila kuacha mwani wake.

"Marahaba." Akamweleza yote: mwamba, tupa, bisi. Hata kile kicheko.

"Mbona unaniambia mie? Mie nilijua tangu zamani. Hukunitukana hapa Ndagoni. Ulinitukana ufukweni Kilindoni, mbele za watu."

"Nirudishie heshima yangu, Shamsa, nitakurudishia kazi yako."

"Yangu kwanza."

Shaabani akainamisha uso. Hata katika kuomba radhi alikuwa ameanza na heshima yake mwenyewe.

Wamepatana: Jumamosi saa moja asubuhi, manahodha wakiwa wanapakia wageni, Shaabani atasimama ufukweni Kilindoni na ile rafadha mbovu mkononi, aseme kosa lilikuwa lake. Shamsa atakuja kusikia. Kama atapanda tena boti yake, hajasema.